Kesho ya Mtoto Haimo Kwenye Faili

Mtoto akifikishwa mbele ya mhudumu wa maradhi ya akili, huulizwa sana habari za jana. Alianza lini kukosa usingizi? Kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuugua hivi? Aliwahi kuanguka akapoteza fahamu? Huulizwa na habari za leo: anakula, anasikia sauti za watu wasioonekana, amemeza vidonge alivyopewa? Maswali hayo yana kazi yake na hakuna tabibu anayepaswa kuyaruka. Lakini lipo swali moja ambalo mara nyingi foleni ndefu hulifuta: mwaka ujao, wakati kama huu, unajiona uko wapi?

Jibu la swali hilo hueleza mengi kuliko machozi. Yuko mtoto anayelia kutwa, lakini ukimuuliza habari za mwaka ujao anakwambia atakuwa gredi ya saba na dada yake atakuwa ameshazaa. Yuko mwingine asiyelia hata kidogo. Anatazama sakafu, anainua mabega, anasema hajui, kisha ananyamaza. Wa kwanza ana huzuni. Wa pili amekata tamaa, na katika wodi na kliniki za akili duniani kote huyo ndiye anayestahili kuangaliwa kwa jicho la karibu zaidi.

Nataka tulitazame jambo hili tukiwa Modogashe, mahali ambapo barabara inayotoka Isiolo inakutana na ile ya Garissa kabla ya kuendelea Habaswein na Wajir. Modogashe ndiyo makao makuu ya Lagdera, kaunti ndogo ya Garissa yenye wadi za Benane, Goreale, Maalimin, Sabena na Baraki pamoja na mji wenyewe. Malori ya mbuzi na ngamia hupita hapa, mabasi ya Nairobi husimama abiria wanywe chai ya maziwa na kuswali. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Garissa mjini, zaidi ya kilomita 150 kusini. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1910 na ambayo hadi leo ndiyo tegemeo kuu la taifa kwa maradhi ya akili, iko mbali kiasi kwamba kwa familia nyingi za huku ni jina tu linalosikika redioni.

Tuseme mgonjwa ni msichana wa miaka 14, mtoto wa boma lililo nje kidogo ya Benane. Hana jina katika makala hii kwa sababu ni mfano, ingawa atakayesoma akiwa Lagdera huenda akadhani anamfahamu. Ameacha kwenda kisimani na wenzake. Usiku halali, mchana hainuki. Ayeeyo, bibi yake, anasema ameguswa na majini, na familia inamwita sheikh amsomee. Anasomewa, ananyweshwa maji yaliyosomewa, anapata nafuu ya siku kadhaa, kisha anarudi pale pale. Mjomba anashauri apelekwe zahanati. Zahanati inaandika barua ya kwenda Garissa. Mbuzi wawili wanauzwa ili nauli ipatikane. Garissa anaonwa, anapewa dawa za mwezi mmoja na tarehe ya kurudi.

Tarehe hiyo ndiyo kitendawili. Kurudi ni mbuzi wengine wawili. Familia inapima: dawa za binti huyu, au unga wa nyumba nzima? Mama akipima hivyo msimlaumu, kwa sababu hakuna anayempenda mtoto huyo kuliko yeye. Lakini binti yuko ndani ya nyumba, anasikia mahesabu. Anasikia jina lake likitajwa pamoja na bei ya mbuzi. Hapo ndipo wazo linapoanza kuota kwamba nyumba ingekuwa na nafuu kama yeye asingekuwapo.

Wataalamu wa saikolojia walianza kulipima jambo hili miaka ya 1970. Mwaka 1974 daktari wa Marekani Aaron Beck na wenzake walichapisha kipimo cha maneno 20 ambayo mgonjwa huyakubali au kuyakataa, yote yakihusu namna anavyoiona kesho. Walipowafuatilia wagonjwa 207 waliokuwa wamelazwa wakiwa na mawazo ya kujiua, kwa muda wa kati ya miaka 5 na 10, waligundua kwamba karibu wote waliokuja kufa kwa njia hiyo walikuwa wamepata alama za juu za kukata tamaa. Hao walikuwa watu wazima. Mwaka 1983 Alan Kazdin na wenzake waliwageukia watoto wa miaka 8 hadi 13 waliolazwa katika wodi ya akili, wakawatengenezea kipimo chao, chenye maneno machache na mepesi zaidi. Nia ya kujiua kwa watoto wale iliandamana zaidi na kukata tamaa kuliko ilivyoandamana na unyogovu wenyewe.

Tafiti za baadaye hazikuafikiana juu ya nguvu ya kipimo hicho kwa vijana, na hakuna karatasi ya maswali inayoweza kutabiri nani atajidhuru. Hata hivyo jambo moja limesimama: mtoto anaweza kupunguziwa huzuni kwa dawa, akaanza kula na kulala, na bado akawa haoni sababu ya kuamka kesho. Faili yake itaandikwa kuwa ana nafuu.

Hilo linazidi kuwa zito ukifikiria dawa zenyewe. Fluoksetini, ambayo hutumika sana kwa unyogovu wa vijana, huchukua wiki kadhaa kabla haijaonyesha kazi yake. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za kundi hilo ziandikwe onyo, kwamba kwa baadhi ya watoto na vijana mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka, hasa mwanzoni mwa tiba. Onyo halisemi dawa zisitumike. Linasema mtoto asiachwe peke yake wiki za mwanzo, aonwe mara kwa mara, aulizwe. Sasa rudi kwa binti wetu. Wiki zile anazohitaji kuonwa ndizo wiki ambazo yuko Benane, nyuma ya kilomita zote zile, na hakuna atakayemuona hadi tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, kama mbuzi watapatikana.

Kenya ina watu zaidi ya milioni 50 na madaktari bingwa wa akili wasiofika 200. Wengi wao wako Nairobi, na waliosomea hasa maradhi ya akili ya watoto ni wachache mno. Utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2022 kuhusu afya ya akili ya watoto wa miaka 10 hadi 17 uliona kwamba asilimia 44.3 walikuwa wamepitia tatizo fulani la akili katika miezi 12 iliyotangulia, na asilimia 12.2 walitimiza vigezo vya ugonjwa kamili. Jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilikuwa limependekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Pendekezo hilo bado halijapitwa na wakati.

Lakini madaktari hata wangekuwa 2,000, kuna jambo ambalo lisingeondoka kwa wingi wao. Kukata tamaa kwa mtoto wa Lagdera hakutoki kichwani mwake peke yake. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022 mvua zilikosa kunyesha misimu mitano mfululizo, ukame mbaya kuliko wowote katika miaka 40, na zaidi ya mifugo milioni mbili ikafa nchini. Kwa mtoto wa mfugaji, mfugo ndiyo kesho yenyewe. Ngamia jike aliyetengewa mvulana tangu utotoni ni mahari yake ya baadaye, ni karo, ni nafasi yake ya kuketi na wanaume. Ngamia huyo akianguka karibu na kisima kilichokauka, mvulana haombolezi mnyama tu. Kisha mwishoni mwa 2023 ikaja mvua ya El Niño iliyozidi kipimo, na mafuriko yakabeba walichosalimisha watu.

Kwa hiyo mvulana wa miaka 16 aliyehamia na wazazi pembezoni mwa mji, katika kibanda cha magunia, akisema haoni mbele, je, anaumwa au anasoma hali vizuri? Wapo watu wema wanaosema hapa hakuna ugonjwa, kuna umaskini, na tiba yake ni chakula na maji. Nawaelewa, lakini nadhani wanakosea. Watoto wawili wa kibanda kimoja, waliopoteza kundi moja la mbuzi, hawakati tamaa kwa kiasi sawa. Mmoja anaanza kusukuma mkokoteni wa maji na kutafuta shule ya kutwa. Mwingine analala chini akitazama juu hadi jua linazama, na akipewa chakula hali. Huyo wa pili anahitaji chakula na maji kama ndugu yake, na anahitaji pia mtu wa kumtibu.

C. R. Snyder, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Kansas, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza matumaini, na mwaka 1997 yeye na wenzake wakachapisha kipimo cha maswali sita kwa watoto. Alisema matumaini yana sehemu mbili: kuiona njia ya kufikia unachotaka, na kuamini kwamba miguu yako inaweza kuipita. Mtazamo huo una faida kwa mahali kama Modogashe kwa sababu haumtaki mtoto ajidanganye kwamba hali ni nzuri. Unauliza tu kama kuna njia moja, hata ikiwa nyembamba, na kama kuna mtu wa kumshika mkono apige hatua ya kwanza.

Njia kubwa kuliko zote kwa mtoto ni shule. Lakini huku njia hiyo imevurugwa na mashambulizi. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilitekwa na watu 28 wakauawa, walimu wakiwa miongoni mwao. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Januari 13, 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na Tume ya Huduma za Walimu ikawahamisha kwa wingi walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Hakuna anayeweza kuwalaumu walimu hao kwa kutaka kuishi. Lakini watoto walibaki, wakikaa katika madarasa ambamo mwalimu wa hisabati hayupo na wa sayansi hayupo, wakijua mtihani wao utasahihishwa sawasawa na wa mtoto wa Nairobi.

Chuo cha Garissa kilipofunguliwa tena Januari 2016, wengi waliona ni habari ya usalama. Kwangu ilikuwa pia habari ya afya ya akili. Kilikuwa chuo kikuu cha kwanza cha umma katika eneo hili, na kila kijana wa kidato aliyekipita akiwa kwenye basi alikuwa na haki ya kufikiri kwamba ipo siku ataingia lango lile. Kukifunga moja kwa moja kungekuwa kumwambia kijana huyo kwamba hata ndoto iliyo karibu na nyumbani haiwezekani.

Turudi kliniki. Zipo sababu za kukata tamaa zinazotokana na ugonjwa wenyewe na namna tunavyouongoza. Mtoto aliyepewa jina la ugonjwa wa akili hupewa na jina la mtaani, na la mtaani humfuata muda mrefu zaidi. Ataitwa kichaa na wenzake hata baada ya miaka miwili ya uzima. Wenye kifafa, ambao katika Afrika Mashariki mara nyingi huhudumiwa katika kliniki hizo hizo za akili, hupata dharau hiyo hiyo: msiguse kikombe chake, asichunge peke yake, nani atamuoa. Dawa kama haloperidoli zinaweza kumfanya mtoto awe mzito wa mwendo na wa maneno, akose nguvu za kucheza mpira, na kama hakuelezwa mapema kwamba kipimo kinaweza kurekebishwa, ataamini kwamba huo ndio mwili atakaoishi nao hadi uzeeni. Atazitupa dawa kimya kimya. Ugonjwa utarudi, na familia itasema hakuna linalosaidia.

Wapo wanaofungwa kamba au minyororo nyumbani. Mara nyingi anayefunga ni mzazi aliyechoka, anayehofu mtoto atapotelea nyikani au kugongwa na lori barabarani. Nimeamua nisiandike hapa kwa hasira juu ya wazazi hao. Naandika kwa ajili ya mtoto aliye mwisho wa kamba, ambaye kila asubuhi anaelezwa na kifundo cha mguu wake kwamba watu wa nyumbani hawatarajii tena chochote kutoka kwake.

Dini nayo ina nafasi kubwa hapa, na inafaa izungumzwe kwa heshima na kwa uwazi. Katika nyumba ya Kiislamu kila mtoto amefundishwa kwamba kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu ni jambo zito. Mafundisho hayo yamewashika wengi wasianguke. Lakini kwa mtoto mgonjwa yanaweza kugeuka mzigo wa pili: anajua moyo wake umezimika, na anajua pia kwamba haifai aseme hivyo, basi ananyamaza. Anaogopa kuonekana na upungufu wa imani. Mzazi akimkemea kwa kusema vibaya, hatasema tena, na mawazo yatabaki ndani yakikua gizani. Masheikh wanaweza kuubadilisha mwendo huo kuliko daktari yeyote. Wanajua kisa cha Nabii Yakubu, aliyemlilia Yusuf hadi macho yake yakapoteza nuru kwa huzuni, naye alikuwa nabii. Sheikh akisema mimbarani Ijumaa kwamba mtoto anayeungama giza la moyo wake anaomba msaada na hajakufuru, nyumba nyingi zitapumua. Na akiongeza kwamba kusomewa na kumeza dawa vinaweza kwenda pamoja, atakuwa ameokoa nauli za miezi mingi iliyopotea watu wakichagua kimoja.

Sheria pia ilikuwa ikiziba vinywa. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mzazi wa mtoto aliyejidhuru alikuwa na sababu ya kweli ya kuificha habari: hospitalini kungeweza kuwa mlango wa kituo cha polisi. Januari 9, 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Nina shaka kama habari hiyo imefika kila boma la Goreale na Sabena. Ifike. Mama ajue kwamba kumpeleka mtoto hospitali baada ya tukio kama hilo ni kutafuta tiba.

Si kila tumaini linajenga, na kaunti hii inalijua hilo kupitia kambi za wakimbizi za Dadaab. Kambi zile zilifunguliwa mwaka 1991, na kuna vijana waliozaliwa humo ambao sasa wana watoto wao wenyewe. Wakimbizi wa Kisomali wamekuwa wakiuzungumzia kwa miaka mingi ugonjwa wanaouita buufis, hamu kali ya kuhamishiwa nchi za mbali, ambayo humfanya mtu aache kila kitu cha hapa akisubiri jina lake litoke. Mtafiti Cindy Horst aliuandikia kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2006. Jina lisipotoka, au likitoka la ndugu peke yake, wengine huvunjika kabisa. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuifunga Dadaab, Februari 2017 Mahakama Kuu ikazuia, mwaka 2021 tangazo likarudi. Katika Januari 2017 Marekani nayo ilikuwa imewafungia mlango watu wa Somalia, wakiwamo waliokuwa wameshafika hatua za mwisho. Kijana aliyekuwa na tumaini moja tu, tena lililo mikononi mwa afisa asiyemjua, alinyang'anywa lote kwa tangazo moja.

Ndiyo maana siamini katika kumwambia mtoto mgonjwa kwamba yote yatakuwa sawa. Hajui yatakuwa sawa vipi, na anayemwambia hajui pia. Mtoto huyu anafaa kupewa kitu kidogo cha kweli kilicho karibu: Jumatatu utarudi shuleni kwa nusu siku, na mwalimu ameshakubali. Ndama huyu ni wako, utamnywesha wewe. Baada ya wiki mbili nitakupigia simu saa kumi. Kisha Jumatatu ifike na mwalimu awe amekubali kweli, na saa kumi simu ilie.

Simu, kwa kweli, ndiyo dawa iliyosahaulika zaidi. Mtandao wa simu umefika Modogashe na karibu kila familia ina mtu mwenye simu. Muuguzi wa Garissa akiwa na orodha ya watoto walioanza dawa mwezi huu na muda wa maongezi wa kuwapigia kila wiki, zile wiki za hatari za mwanzo hazitakuwa za upweke. Gharama yake ni ndogo kuliko ya safari moja ya gari la kaunti.

Wapo pia watu wa karibu zaidi. Septemba 2023 serikali ilizindua kikosi cha wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, wenye mikoba ya kupimia shinikizo la damu na sukari nyumba kwa nyumba. Wanatembea hadi maboma ambayo daktari hatafika. Wakifundishwa kuuliza lile swali la mwaka ujao, na kujua la kufanya mtoto akiinua mabega, tutakuwa tumefika mbali. Kwamba watu wasio madaktari wanaweza kazi hii kumethibitishwa. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Dkt. Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi kuketi kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuzungumza na wenye mawazo mazito, wakiwasaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua. Hapa Kenya, Tom Osborn na wenzake wa taasisi ya Shamiri waliwatumia vijana waliomaliza shule kuongoza vikao vinne tu na wanafunzi wa sekondari, juu ya mambo kama kuamini kwamba mtu hubadilika na kukua, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha dalili za unyogovu na wasiwasi zikipungua. Tunao ayeeyo wengi Modogashe ambao watoto huwaendea kabla ya yeyote. Tunao vijana waliomaliza kidato cha nne na wanakaa vibarazani kutwa wakitafuna miraa kwa kukosa kazi. Vijana hao wenyewe wangepona kitu fulani kwa kupewa kazi ya kumsikiliza mdogo wao.

Na hakuna haja ya kusubiri wazo litoke Nairobi. Mji huu uliwahi kuwafundisha wengine. Mwaka 2001 viongozi na wazee wa jamii za wafugaji wa kaunti za leo za kaskazini walikutana hapa Modogashe, wakiwa wamechoka kuzika, wakaandika makubaliano juu ya malisho, visima, wizi wa mifugo na fidia ya damu. Azimio la Modogashe lilitungwa na watu walioona sheria ya serikali haiwafikii kwa wakati. Lina kasoro zake na lilirekebishwa baadaye, lakini lilitumika, na limesomwa na wanaofanya kazi ya amani mbali sana na hapa. Kabla yake, akina mama wa Wajir akiwamo Dekha Ibrahim Abdi walikuwa wameanza kuzima vita vya koo kwa kuzungumza na wanawake wenzao sokoni, kazi iliyompatia Dekha tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, miaka minne kabla ya kufariki kwake.

Watu walioweza kuafikiana juu ya damu wanaweza kuafikiana juu ya watoto hawa. Wazee wakae na masheikh, walimu wakuu, akina mama na muuguzi. Waandike kwamba hakuna mtoto mgonjwa atakayefungwa kabla ya kupelekwa hospitali, na kwamba nauli ya kurudi kliniki itatoka kwenye mchango wa ukoo kama inavyochangwa mahari na fidia, ili bei ya mbuzi isitajwe tena mbele ya mtoto. Shule ziahidi kumpokea aliyetoka kutibiwa, hata kwa nusu siku. Sheikh asome na aseme: kunywa dawa zako.

Sehemu ya kaunti katika mpango huo si kubwa. Inahitaji muuguzi mmoja wa maradhi ya akili atakayefika Modogashe siku inayojulikana kila mwezi, dawa za miezi miwili zikiwa zimetangulia, na salio la simu. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na kabla ya hapo kaunti hutakiwa kusikiliza maoni ya wananchi juu ya bajeti. Kikao cha Lagdera kikiitishwa, mtu asimame alisome ombi hilo kwa sauti, kwa Kisomali na kwa Kiswahili, na liandikwe kwenye kumbukumbu. Na kama usiku wa leo kuna mtoto nyumbani aliyesema hataki kuiona kesho, usimkemee na usimwache peke yake. Ondoa karibu yake kila kitu cha kumdhuru, piga 116, nambari ya bure ya watoto, na alfajiri mpeleke hospitali iliyo karibu.